Maswali ya gereji: injini ipi kwa gari la kuunda mwenyewe?

Barua nyingi safari hii zinahusu magari ambayo kiwanda huuza vipande, mwenyewe akaenda kuyaunganisha nyumbani. Uganda hayako mengi, ila walio nayo wana kilio kimoja: injini ya Kiingereza imekufa, na Kisekka, soko la vipuri la Kampala, hakuna anayeijua.

Shikamoo mzee. Marehemu baba aliniachia gari dogo la wazi, mfano wa Lotus Seven, aliloliunganisha mwenyewe. Lina injini ya Ford Kent 1600 na giaboksi ya Ford. Bloku imepasuka upande wa maji. Nataka kutia Toyota. Ipi ina nguvu zaidi? – Msomaji, Jinja

Marahaba, na pole kwa kufiwa na mzee. Swali la nguvu liweke mwisho kabisa. Gari la namna hiyo lina kilo 500 na kidogo, wakati Corolla ya miaka ya 1990 ina kama kilo 1,000. Injini ya farasi 100 inayoisogeza Corolla kwa adabu itakurusha wewe kama jiwe la manati.

Anza na giaboksi. Injini za Toyota zilizojaa mitaani, yaani 5A ya cc 1,498, 4A ya cc 1,587 na 7A ya cc 1,762, nyingi zimetoka kwenye magari yanayovuta kwa mbele. Humo injini hukaa kwa upana na difu, yaani gia za kugawa nguvu kwa magurudumu, imo ndani ya giaboksi yenyewe. Lako linasukuma nyuma, injini imelala kwa urefu, kwa hiyo giaboksi hizo hazikufai hata ukipewa bure.

Ipo giaboksi ya T50 ya kusukuma nyuma, iliyofungwa nyuma ya 4A kwenye Corolla AE86 za 1983 hadi 1987. Inashika kwenye 4A bila bamba la kuunganishia, lakini watu wa mashindano nao wanaisaka, na bei yake wanaijua wauzaji. Au ubaki na giaboksi ya Ford na kuchongesha bamba la kuunganishia. Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, kuna watu wa kukereza chuma wanaoiweza kazi hiyo, ila usiwakabidhi bamba ukaenda zako. Krankishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, na shafti ya giaboksi lazima zilale mstari mmoja. Mwambie fundi afunge geji ya mshale kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu la giaboksi, kisha azungushe injini kwa mkono taratibu, mzunguko mzima. Mshale ukicheza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, bamba lirudi kwenye mashine. Akikuambia "itajizoesha barabarani", kataa. Beringi haijizoeshi, inakufa, halafu utasikia eti giaboksi za Kiingereza ni mbovu.

Mimi, kama fedha ni ya kubana, ningetafuta injini ya 5K ya vani ya Toyota LiteAce: cc 1,486, kabureta, hakuna kompyuta, na kwao injini hiyo ilizaliwa kusukuma nyuma. Haina mbwembwe. Giaboksi ya vani yenyewe iache, maana dereva wa vani hukaa juu ya injini na gia huvutwa kwa vyuma virefu. Tafuta ya Corolla za zamani zilizotumia injini za familia hiyo ya K, ambayo mkono wake wa gia unatokea juu.

Kabla ya kulipa, chukua futi. Injini za familia ya A (zile 4A, 5A na 7A) nyingi zina kamshafti, mihimili ya kufungua valvu, mbili juu na zimesimama kuliko Kent, basi pima boneti. Zaidi ya yote pima sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Gari lako linakaribia kulamba lami. Sampu ikishuka chini ya chasisi, tuta la kwanza kwenye barabara ya Kampala litakumwagia oili yote.

Kaka, nikitia injini ya dizeli ya Hiace iitwayo 2L kwenye gari kama hilo sitaokoa mafuta? – Masaka

Utaokoa, na akiba yote utaipeleka kwenye springi za mbele. Ni cc 2,446 za chuma kizito. Waachie watu wa taksi.

Fundi wetu hapa Kabale anasema kabureta haifai milimani, nitafute injeksheni. Ni kweli? – Mama Gereji

Nusu kweli, mama. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwenu, kama mita 2,000, pengo linakaribia sehemu moja ya tano. Kabureta hupima petroli kwa tundu la jeti lisilobadilika: hewa inapungua, mafuta hayapungui kwa kiasi hicho, plagi zinatoka nyeusi kwa masizi na ekzosi inanuka petroli. Dawa ni jeti ndogo zaidi, kazi ya asubuhi moja. Injeksheni ina sensa inayopima hewa na kujirekebisha. Ila nguvu iliyopotea kwa uhaba wa hewa hairudishwi na yoyote kati ya hizo mbili, na kabureta hata fundi wa boda ataifungua. Kama huna waya zote na kompyuta yake, baki na jeti.

Ssebo, nitajuaje injini ya mtumba ni nzima wakati iko sakafuni tu? – Mnunuzi, Ntinda

Tia spana kwenye boliti ya puli ya krankishafti, uzungushe mara mbili kamili. Ikikwama, ondoka. Fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, tope jeusi maana yake oili haikuwa ikibadilishwa. Ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba la maji. Kutu nene ni ishara kwamba ilikuwa ikiendeshwa bila kulenti, ile dawa ya maji ya rejeta. Halafu toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake. Moja ikiwa na sura tofauti na wenzake, silinda ile ina habari yake.

Omba wapime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa staata na betri. Hapa wengi hukataa injini nzuri: kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari, geji ya Kampala lazima isome chini kidogo. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hapo kuna neno.

Ikiwa ni ya injeksheni, kompyuta, waya, sensa, na ufunguo kama ina kifaa cha kuzuia wizi, vyote vitoke kwenye gari lile lile. Ukipata sehemu yote ya mbele ya gari iliyokatwa, toa hiyo fedha ya ziada. Waya zilizokatwa kwa kisu zinakula siku kuliko injini yenyewe.

Nina bagi ya ufukweni ya Volkswagen, huku Entebbe. Rafiki anasema nitie Subaru. – D.

Rafiki hajakosea. EJ20, injini ya Subaru, ni bapa, silinda zimelala mbili mbili kama za Volkswagen, na Subaru zimejaa nchini. Bamba la kuiunganisha na giaboksi ya Beetle huuzwa tayari huko nje. Lakini sasa unahitaji maji: rejeta itakaa mbele na mabomba yatapita chini ya gari zima. Na giaboksi hiyo ilizoea injini ya 1600 ya farasi kama 50. Chukua EJ20 isiyo na tabo (turbo), na usiachie klachi kwa hasira.

Nikibadili injini, karatasi je? – Mbarara

Namba ya injini imo kwenye logibuku, kwa hiyo ikibadilika isajiliwe upya. Dai risiti yenye namba hiyo kwa muuzaji, na uilinganishe na iliyogongwa kwenye bloku kabla hujatoa fedha. Piga picha ya namba kabla injini haijaingia. Ikishafungwa, kwenye magari haya madogo utahitaji kioo na tochi kuiona. Kisha ijulishe na kampuni yako ya bima.