Ayani mpya: yadi nimeziona, na pengo nimelikuta

Mkuu, umeuliza kama seti mpya ya ayani, zile fimbo za gofu za kichwa cha chuma zenye namba, itakushusha kutoka handikapu ya 24 (mipigo ya ziada unayopewa; ikipungua, umekuwa bora), maana jirani yako kanunua na sasa namba saba yake inaipita namba tano yako. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa 21, leo niko 19, na kusema kweli hizo mbili kwa sehemu kubwa nimezipata kwenye pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, si kwenye ayani.

Nilianza na seti ya mtumba niliyouziwa na mzee mmoja mstaafu, ayani nyembamba za miaka ya 1980. Ukiupata mpira katikati, utamu wake hausemeki. Ukiukosa kidogo tu, hasa asubuhi za Julai na ule upepo wetu wa Dodoma, mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Mwaka jana nikajichanga, nikaagiza seti mpya kabisa kuanzia tano mpaka pichingi wedji (fimbo ya mipigo mifupi ya juu), mgongo uliochimbwa, shafti, yaani mipini, za grafaiti.

Nikazijaribu kwenye "uwanja" wangu wa mazoezi: viwanja visivyojengwa upande wa Nala, kipande cha zulia la nyasi bandia, mipira 40 na vijana wawili wa kuokota. Saba ya zamani ilikuwa ikinipa yadi 135. Mpya ikaenda 152. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Jioni nikamsimulia mama watoto, akauliza, "Na zile nyingine unamuuzia nani?" Nikabadilisha mada.

Baadaye nikaangalia vipimo. Uso wa saba ya zamani umelala nyuzi 35 (ukilala kidogo, mpira huenda mbali zaidi). Wa mpya ni nyuzi 29. Kwenye seti yangu ya zamani, kati ya fimbo moja na inayofuata kuna nyuzi 4 hivi, kwa hiyo kitu nilichokishika kilikuwa katikati ya tano na sita, ila kimechongwa namba 7. Si utapeli. Uzito wameushusha chini na kuusambaza pembeni mwa kichwa, kwa hiyo mpira unapaa hata uso ukiwa umesimama, na ukipiga kando ya kitovu haupotezi sana. Hilo la mwisho ndilo nililolilipia bila kujua, na ndilo ninalolishukuru. Yadi zenyewe, nyingi zimetoka kwenye namba.

Shida ilinisubiri Morogoro. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024 nimekuwa naenda kucheza kwenye klabu ya Gymkhana pale (kwenye behewa kuna mama aliniuliza kama ninaenda kuvua samaki). Nimebakiwa na yadi 95 kufika kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Pichingi mpya ina nyuzi 43, inaenda 118. Sendi wedji yangu, iliyolala zaidi, nyuzi 56, inaishia 78. Katikati hapo hakuna kitu! Nikapiga pichingi nusu nguvu, ikavuka grini. Shimo lililofuata nikaikandamiza sendi, nikang'oa udongo. Kedi wangu, anayenibebea mfuko, kijana mpole, akasema tu, "Bosi, mfuko wako una shimo." Ilibidi nitafute wedji ya nyuzi 50, ya mtumba, na kwa kuwa mwisho ni fimbo 14, fimbo moja ya mbao ikabaki nyumbani. Kwa hiyo ukipanga bajeti, hesabu na hiyo wedji.

Kingine, ukijipima Dodoma usiende na namba hizo hizo Morogoro. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri. Kule mimi napoteza yadi tatu au nne kwa saba. Na hizi ayani mpya zina tumbo pana, yaani sehemu ya chini ya kichwa. Kwenye nyasi laini zinateleza vizuri, lakini kwenye udongo wetu mkavu wa Oktoba tumbo linadunda chini kwanza, halafu ukingo unaukata mpira kichwani. Msimu huo napigia kwenye zulia tu.

Jambo ambalo ningelifanya kabla ya kulipa ni la kalamu. Chora mstari mnene kwa maka pen kwenye mpira, uweke mstari usimame wima ukitazamana na uso wa fimbo, kisha piga. Mstari utajichapa kwenye chuma. Ukisimama wima, fimbo inakufaa. Wangu kichwa chake kiliinamia kwenye ncha ya fimbo (upande wa mbali na mpini), maana yake ncha inanyanyuka ninapopiga, na ndiyo sababu mipira yangu ilikuwa ikikimbilia kushoto wakati mimi najilaumu mikono. Mimi mfupi, mipini ya fimbo ilikuwa imesimama mno. Fundi mmoja Dar akailaza nyuzi 2, kushoto kukapungua sana. Ila uliza kwanza kama chuma cha seti yako kinakubali kukunjwa, vingine vinapasuka.

Kwa 24, mimi ningetafuta seti ya miaka mitano au sita iliyopita, yenye mgongo uliochimbwa, na chenji inayobaki ningempa mwalimu. Halafu hebu kamwulize jirani yako saba yake ina nyuzi ngapi, urudi utuambie hapa.