Mfalme wa Hobbes hakuingia mkataba na mtu

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nimetoka kusahihisha insha zenu za mkataba wa kijamii, yaani wazo kwamba mamlaka ya serikali yanatokana na makubaliano ya watu. Nawapenda, ila safari hii mtanisikiliza.

1. Wekeni madesa pembeni. Someni vitabu vyenyewe.

2. Wengi mmeandika kwamba kwa Hobbes, yule mwanafalsafa wa Kiingereza, wananchi waliingia mkataba na mfalme. Hapana! Kila mwaka kosa hili linarudi, na linaniuma kwa sababu linabomoa hoja yote. Rudini kwenye kitabu chake, Leviathan, sura ya 17 na 18, msome polepole. Wanaofungana ni watu wao kwa wao: naacha haki yangu ya kujitawala, nampa huyu, kwa sharti kwamba nawe umpe yako. Huyo anayepewa hayumo kwenye mkataba. Hakuahidi chochote, basi hawezi kuuvunja. Mkimwingiza, tukigombana naye nani ataamua? Asipokuwepo mwamuzi, tumerudi kwenye upanga. Kitabu kilitoka 1651, miaka miwili tu baada ya mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza kukatwa kichwa, kwa hiyo Hobbes hakuwa anabuni mfano wa darasani. Mmoja wenu, tena mwenye akili kweli, ameandika kurasa nzima kwamba raia wa Hobbes wanaweza kumng'oa mtawala aliyekiuka makubaliano. Mwanangu, huyo ni John Locke, mwanafalsafa mwingine wa Kiingereza! Na hata kwa Locke, watu huungana kwanza wakawa jamii, kisha serikali hukabidhiwa madaraka kama amana. Ikiisaliti, madaraka yanarudi kwa wenyewe. Hobbes anaacha upenyo mwembamba, sura ya 21: aliyehukumiwa kufa, hata kwa haki, halazimiki kujitoa auawe, maana hakuna awezaye kuacha haki ya kuulinda mwili wake. Hapo ndipo penye alama, na karibu wote mmeparuka.

3. Msiseme Locke aliandika kushangilia mapinduzi ya 1688, yaliyomng'oa mfalme James wa Pili wa Uingereza. Kitabu chake, Two Treatises of Government, kilitoka 1689, lakini sehemu kubwa aliiandika miaka kadhaa kabla.

4. Rousseau, mwanafalsafa wa Geneva, katika The Social Contract, 1762: nia ya jumla, yaani ile inayolenga manufaa ya wote, si jumla ya matakwa ya kila mtu.

5. Locke anasema hata kupita tu barabarani ni kuridhia serikali kimyakimya. Mwaka 1748 David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, akamjibu: ni sawa na kumwambia mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini kwamba amemridhia nahodha, kwa kuwa yuko huru kujitupa baharini. Alhamisi kwenye semina nataka mumtetee Locke, bila karatasi mkononi.