Kabla hujanunua kiwanja Kibaha, kaa kwanza kwenye mkutano wa mtaa

Kama unaishi Dar na umechoka kupanga, najua Kibaha inakuvuta, ni kilomita kama 40 tu kwa barabara ya Morogoro na viwanja vya bei ya kueleweka bado vipo. Mimi nilivutwa hivyohivyo. Dalali akanipeleka, eneo tambarare, lina mikorosho mitatu mikubwa, tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akasaini, mhuri ukagongwa, nikajua nimemaliza.

Mwaka mmoja baadae nafatilia kibali cha ujenzi, dada wa mipango miji akafungua mchoro mezani akaweka kidole palepale kwenye mikorosho yangu, pamepakwa kijani. "Kaka, hapa ni eneo la wazi." Nilibaki naiangalia ile rangi tu, maneno hayatoki.

Ndo nikaelewa kitu ambacho wengi tunachanganya. Mhuri wa mtaa unaonyesha tu kwamba mmeuziana mbele ya mashahidi, mwenyekiti hana mamlaka ya kugawa ardhi ya mjini wala kubadili matumizi yake. Yeye anachaguliwa na wakazi kila miaka 5, mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, diwani anaisemea kata nzima kwenye baraza, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Michoro na vibali viko halmashauri, kwahiyo kabla hela haijatoka mfukoni nenda kwa watu wa ardhi na mipango miji uuone mchoro kwa macho yako, usikubali kuletewa picha kwenye simu.

Na historia ya mji uliza. Pale Tumbi, hospitali, Sekondari ya Kibaha, chuo cha wananchi, vyote vimetokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic (Sweden, Norway, Denmark na Finland) ulioanza 1963, serikali yetu ikakabidhiwa 1970 na ndo likawa Shirika la Elimu Kibaha. Shirika lina ardhi kubwa sana, ukiambiwa kiwanja kimepakana nalo uliza mpaka unapita wapi hasa. Barabara nayo usisahau, 2017 nyumba zilivunjwa kuanzia Kimara hadi Kiluvya, hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, watu walikua wameshalea watoto humo jamani.

Kilichoniuma zaidi ni siku nilipohudhuria mkutano wa mtaa kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja nikamuelekeza eneo langu, akanishika mkono, "Mwanangu, pale tulikubaliana uwanja wa watoto, zamani sana, kila mtu hapa anajua." Kila mtu! Ningekaa kwenye lile benchi asubuhi moja tu kabla ya kulipa, ningeambiwa bure.

Hela nilirudishiwa nusu, nikanunua mtaa huohuo sehemu iliyopimwa, na mikutano sikosi, nikisikia mapato na matumizi hayajasomwa naulizia. Pale kwenye mikorosho watoto wanacheza mpira kila jioni, wangu wawili wamo.