Airishi zinalegea na majani bado kijani, nipulize dawa gani?

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi ni mama mkulima huku Kapchorwa, Uganda, nina nusu eka ya airishi (viazi mviringo), iko wiki ya nane. Mchana zinalegea kama zimekosa maji na mvua ipo, usiku zinaamka, alafu kuna zingine haziamki tena na majani bado kijani. Jirani akasema ni ukungu, nimepuliza mara mbili hakuna kitu. Jana nimeng'oa moja mizizi ina vinundu vinundu. Nipulize nini? Na hizi zitabaki naweza kuuza?

JIBU: Mama asante kwa kueleza vizuri, na pole kwa pesa imeenda. Kwanza weka hiyo pampu chini. Ukungu ungeanza na mabaka meusi kwenye majani, hauangushi mmea ukiwa kijani hivyo. Shida yako iko chini kwa udongo na mi nashuku ni mbili siyo moja.

Fanya hivi leo leo. Chukua shina moja limelegea, kata kipande cha urefu wa kidole pale karibu na udongo, ulining'inize wima kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka zenyewe kwa dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Kata pia kiazi kimoja, ukikuta pete ya kahawia ndani na ukifinya inatoa ute mweupe, basi hakuna ubishi.

Sasa vinundu. Angalia vizuri, kama ni mzizi wenyewe umevimba hiyo ni minyoo fundo, hawa nematodi wadogo sana huwezi kuwaona kwa macho. Lakini kama ni vipira vidogo kama kichwa cha pini vimeshika nje ya mzizi, vyeupe au rangi ya dhahabu, hiyo ni minyoo ya aina nyingine, minyoo ya vipira, na ni mbaya zaidi, ndiyo ile ilionekana kwa majirani zetu Kenya 2015. Kipira kimoja kinabeba mayai mamia na yanaweza kungoja kwa udongo hata miaka 20 bila kiazi. Ukikuta hivyo usikae nayo kimya, peleka mizizi na udongo wake kwa afisa wa kilimo au watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo Buginyanya waangalie.

Minyoo na bakteria wanasaidiana kazi, minyoo inatoboa mizizi na bakteria inaingia kwa hayo matundu, ndiyo maana shamba lenye vyote viwili linaanguka haraka. Na dawa ya kupuliza ya kuponya mnyauko haipo mama, mtu akikuuzia hiyo amekula pesa yako. Za punje za kuua minyoo zipo lakini ni sumu kali, na bakteria haziigusi.

Sasa utafanya nini? Kila mmea umelegea ung'oe na viazi vyake na udongo unaouzunguka, weka kwa gunia usimwage njiani, ukafukie shimo la kina mbali na pale maji ya mvua yanateremka, maana huko kwetu kwa mteremko maji ndiyo yanampelekea wa chini ugonjwa wa wa juu. Jembe na gambuti osha kabla ya kuingia upande mzuri. Wafanyakazi wa kibarua wanatoka shamba hadi shamba na tope ya jana, hapo watu wengi wanapita tu.

Msimu ujao na miwili inayofuata hapo usipande airishi, wala nyanya, biringanya au pilipili, ni ukoo mmoja. Weka mahindi, ngano au shayiri. Maharage watu wanayapenda na kwa mnyauko yanasaidia kweli, ila minyoo fundo inayala vizuri sana, kwa hiyo kwako wewe ngano ni bora. Na ng'oa mnavu na viazi vinavyojiotea vyenyewe, mtu anabadilisha mazao miaka miwili huku viazi vitano vimejificha kwa mahindi vinalisha ugonjwa, hiyo siyo mzunguko.

Kubwa kuliko yote ni mbegu. Kwa baridi ya mlimani kiazi kinaweza kubeba bakteria na kisionyeshe chochote, unakipanda kizuri kabisa. Kwa hiyo usichague mbegu kwa shamba hili hata mimea iliyosimama vizuri. Tafuta mbegu safi hata kidogo, zidishia kwa kipande ambacho hakijawahi kupandwa airishi, na panda kiazi kizima cha ukubwa wa yai, kisu cha kukata mbegu kinasambaza.

Kuna watafiti walijaribu Kenya kufunga mbegu kwa karatasi ya nyuzi za mgomba, ile karatasi inanasa harufu ya mizizi ambayo ndiyo inaamsha mayai ya ile minyoo ya vipira, mavuno yakapanda. Mi bado sijaiona dukani huku lakini migomba tunayo!

Kuhusu kuuza, viazi visivyooza kula au uza vya kupika, bakteria hii haimdhuru mtu. Mwambie tu mnunuzi asipande. Maganda usitupe kwa samadi wala kwa shamba, na kama ni ya nguruwe yachemshe kwanza.