Mwinyi alitoa ruhusa moja baada ya nyingine, kodi ikachelewa

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza: "Ni rais yupi wa Afrika aliyebadilisha zaidi maisha ya kila siku ya raia wake, na aliyabadilisha kwa njia gani hasa?" Jibu langu ni Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, aliyekaa Ikulu kuanzia Novemba 5, 1985 hadi Novemba 23, 1995.

Uzito wa swali uko kwenye nusu yake ya pili. Watu wengi humaliza hoja kwa kutaja jina alilopewa, Mzee Ruksa, kana kwamba aliamka siku moja akaifungua nchi. Kilichotokea ni kanuni kubadilishwa moja moja kwa takriban miaka tisa, na nyingine zilianza kabla hajaingia Ikulu. Mpangilio wa hatua hizo ndio unaoeleza kwa nini maduka yalijaa bidhaa huku Hazina ikibaki na shida ileile.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa ufupi. Alizaliwa Mei 8, 1925 Kivure, Mkuranga, akapelekwa Unguja angali mtoto, akasoma Mangapwani na Dole, akawa mwalimu. Alisomea ualimu Uingereza, akarudi na kuwa mkuu wa Chuo cha Ualimu Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, kisha akaingia kwenye uongozi wa shirika la biashara la serikali Visiwani. Hapo pasipitwe haraka. Kabla ya kuwa mwanasiasa wa Muungano, alikuwa ameona kwa ndani jinsi serikali inavyonunua na kuuza, na inavyokosa bidhaa.

Nyerere alimchukua Bara mwaka 1970. Akawa Waziri wa Afya, halafu Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako Mwanza na Shinyanga kufuatia mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Baadhi ya washukiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa walinzi wao. Mwinyi hakutoa amri ile, lakini wizara ilikuwa yake, na Januari 1977 akajiuzulu. Akapelekwa ubalozini Cairo, akakaa hadi 1982, miaka ambayo Misri ya Anwar Sadat ilikuwa ikiufungua uchumi wake kwa mitaji ya nje. Aliporudi alipewa wizara tena, na Januari 1984, Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe alipoachia ngazi, yeye ndiye aliyepelekwa kushika nafasi yake na kutuliza hali.

Sasa turudi kwenye bidhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwananchi wa Bara alinunua sukari, sabuni, unga, mafuta ya kula na nguo kwa mgawo. Bidhaa ilitoka kiwandani au bandarini, ikapita kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, yaani RTC, ikafika duka la ushirika au la kijiji, na bei ilikuwa imeshapangwa na Tume ya Bei. Kwenye karatasi mfumo ulikuwa kamili. Ulikwama kwa sababu viwanda havikuwa na fedha za kigeni za kununua vipuri na malighafi, kwa hiyo kilichoingia kwenye mnyororo kilikuwa kidogo. Kile kidogo kilipouzwa kwa bei ya serikali, aliyekipata alikuwa na kila sababu ya kukipitisha mlango wa nyuma. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ulikamata walanguzi wengi na kuibua bidhaa zilizofichwa, lakini haukuongeza hata mche mmoja wa sabuni kwenye uzalishaji. Baada ya miezi michache rafu zilikuwa tupu kuliko mwanzo, kwa sababu hata wale waliokuwa wakileta bidhaa kwa magendo waliogopa.

Ruhusa ya kwanza ilitoka Juni 1984, Nyerere akiwa bado Rais na Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Haki itendeke: hiyo si kazi ya Mwinyi. Bajeti ile iliondoa ruzuku ya sembe, ikaishusha shilingi kutoka kama 12 hadi 17 kwa dola, na ikaleta utaratibu wa kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe. Mwenye dola zake nje ya nchi aliomba leseni ya kuagiza bidhaa zilizoruhusiwa, na hakuulizwa dola hizo amezipata wapi. Bidhaa ikifika, anaiuza kwa bei ya soko.

Kile kipengele cha kutoulizwa ndicho kilichobeba kila kitu. Dola hizo hazikutoka benki. Zilitoka kwenye dhahabu na kahawa zilizovushwa mipakani, kwenye mauzo ya nje yaliyoandikwa pungufu ili tofauti ibaki ng'ambo, na kwa jamaa walioko Oman na nchi za Ghuba. Serikali ilikuwa imeshindwa kuzikamata fedha hizo kwa polisi, ikaamua kuziita zirudi kama pikapu, vitenge, betri, redio na marobota ya mitumba. Na zilirudi. Zanzibar ya Mwinyi nayo ililegeza biashara mwaka huohuo. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa, kuanza kujitosheleza, na Visiwa vilihitaji chanzo kingine cha riziki. Watu wa Bara wakawa wanavuka bahari kwenda kununua bidhaa kwenye soko la Darajani, Unguja.

Ruhusa ya pili ilihusu chakula, na inafaa kuitazama kwa karibu. Kabla ya 1984 mtu binafsi hakuruhusiwa kuvusha nafaka zaidi ya kilo 30 kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali. Gunia la mahindi lina kama kilo 100, kwa hiyo hata theluthi ya gunia haikuvuka. Kwenye kizuizi cha barabarani mzigo ulishushwa, ukapimwa, na uliozidi ukataifishwa, au askari akapewa chochote na lori likaendelea. Mwaka 1984 kikomo kilipandishwa hadi kilo 500. Magunia matano yanaingia kwenye pikapu moja, na hesabu hiyo ilitosha kumzaa mfanyabiashara mdogo wa nafaka: ananunua mahindi shambani, anakodi gari, analala sokoni Dar es Salaam. Mwaka 1987, sasa chini ya Mwinyi, kikomo kiliondolewa. Ukinitaka nichague hatua moja iliyogusa sufuria nyingi kuliko zote, ni hii, na ndiyo inayosahaulika zaidi kwa sababu haikuleta kitu kinachong'aa dirishani.

Hatua ngumu ilikuwa ya shilingi, na hapa Mwinyi alisimama mwenyewe. Nyerere alikuwa amegombana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa, hasa kuhusu kushusha thamani ya fedha. Mwaka 1986 Mwinyi akakubali. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Kufikia Juni ilikuwa 40. Mpango wa Kufufua Uchumi ukatangazwa mwezi huo, na makubaliano na Shirika hilo yakafikiwa Agosti. Wengi waliona ni kusalimu amri. Lakini tazama mkulima wa kahawa. Zao likiuzwa nje kwa dola moja, bodi ya kahawa ilipata shilingi 17, ikakata gharama zake, chama cha ushirika kikakata zake, na mkulima akapewa masalio. Wakati huohuo mtaani dola ilikuwa inabadilishwa kwa zaidi ya shilingi 100. Kwa nini asiivushe kahawa yake mpaka wa Kenya au Uganda? Kiwango rasmi kilikuwa kinamtoza kodi kubwa ambayo haikuandikwa popote.

Hatari ya kushusha shilingi ni kwamba mwenye mshahara huumia kabla mkulima hajafaidi, na ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwisho wa 1988 dola ilikuwa imepita shilingi 100, na Mwinyi alipoondoka ilikuwa imepita 500. Mshahara wa mwalimu na wa muuguzi haukukimbia hivyo. Mfumuko wa bei mwaka 1995 ulikuwa bado juu ya asilimia 20. Mtumishi aliishi kwa miradi: kuku nyuma ya nyumba, ng'ombe wa maziwa, duka la mke, teksi ya shemeji.

Ndiyo maana silioni Azimio la Zanzibar la Februari 1991, lililowaondolea viongozi masharti ya Azimio la Arusha, kama usaliti, ingawa najua wazee wengi wa chama wanaliona hivyo. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Kufikia 1991 nusu ya masharti hayo yalikuwa yanavunjwa kimyakimya kwa sababu mshahara haukumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Kosa la Azimio la Zanzibar liko mahali pengine. Masharti yaliondolewa bila kuwekwa utaratibu wenye meno wa kutangaza mali na kuzuia mgongano wa maslahi. Kiongozi aliyekuwa anaficha nyumba ya kupangisha akaruhusiwa kuwa na kampuni inayoomba zabuni serikalini.

Mwinyi pia hakuwa peke yake kwenye usukani. Hadi Agosti 1990 Mwenyekiti wa CCM alikuwa Nyerere, na katika mfumo wa chama kushika hatamu, Rais alitekeleza sera ambazo kikao cha chama kingeweza kuzirudisha nyuma. Wanaomlaumu kwa mwendo wa polepole wa miaka ya kwanza wakumbuke hilo. Alipopata uenyekiti mambo yaliharakishwa: sheria ya mabenki mwaka 1991, Benki ya Taifa ya Biashara ikiwa imezama kwenye mikopo mibovu ya mashirika na vyama vya ushirika, maduka ya kubadilisha fedha Aprili 1992, kiwanda cha bia kuingia ubia na Waafrika Kusini mwaka 1993. Kwenye siasa, Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ilikuta kama asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na Mwinyi akakubali; vikaruhusiwa rasmi Julai 1, 1992.

Nabaki na kodi, kwa sababu ndiyo doa halisi la utawala ule. Forodha iliyojengwa kwa ajili ya waagizaji wachache, wengi wao mashirika ya umma, ilikabidhiwa ghafla maelfu ya waagizaji binafsi. Mbinu za kukwepa kodi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ankara mbili: moja ya kweli kwa muuzaji, nyingine ya bei ndogo kwa ofisa wa forodha. Ya pili ni mzigo kuandikwa kuwa unapita kwenda Zambia au Zaire, kisha unateremshwa Kariakoo. Au kuingizwa kupitia Zanzibar ambako ushuru ulikuwa nafuu. Ya tatu ilikuwa halali kabisa kwenye karatasi, nayo ni msamaha. Sheria ya uwekezaji ya 1990 ilitoa likizo ya kodi ya miaka mitano kwa miradi iliyoidhinishwa, na Hazina yenyewe ilikuwa na uwezo wa kusamehe mwagizaji mmoja mmoja. Ofisi yenye kalamu ya kusamehe hupigiwa hodi mchana na usiku.

Kuna tundu la nne ambalo halitajwi sana. Wafadhili walitoa fedha za kigeni za kuagizia bidhaa, na kampuni iliyozipata ilitakiwa kulipa serikalini shilingi za thamani hiyo. Wengi walichukua bidhaa, wakauza, na shilingi hazikufika Hazina. Novemba 1994 wafadhili walizuia misaada wakilalamikia misamaha na kodi zisizokusanywa. 

Kwa hiyo ninapomtaja Mwinyi kama jibu la swali lenu, nataja pia ambacho angeweza kukitanguliza: kuijenga idara ya mapato mwaka 1986, leseni za waagizaji zikiwa bado chache za kufuatilia moja moja. Sheria ya kuunda Mamlaka ya Mapato (TRA), Na. 11, ilipitishwa mwaka 1995, mwaka wake wa mwisho Ikulu. TRA ilipoanza kazi Julai 1, 1996, ilirithi miaka kumi na miwili ya wafanyabiashara waliozoea kuagiza bila kulipa, na aliyepambana nao alikuwa Rais aliyemfuata, Benjamin Mkapa.