Nimetoa akiba ya kustaafu ya 401(k) mapema na kodi imekatwa. Je, yameisha?

SWALI: Nina miaka 42, naishi Marekani. Mwezi uliopita niliacha kazi nikatoa akiba yangu yote ya 401(k), dola 30,000 zilizowekwa kabla ya kukatwa kodi. Nimepokea 24,000. Je, bado nadaiwa?

JIBU: Ndiyo, bado. Ile 20% iliyokatwa ni kodi ya zuio tu, yaani malipo ya awali. Hesabu kamili hufanyika mwakani utakapowasilisha ritani. Dola zote 30,000, si 24,000, zitajumlishwa na mapato yako ya mwaka. Tuseme zote zinaangukia daraja la kodi la 22%: kodi ni 6,600. Kwa kuwa hujafikisha miaka 59 na nusu, inaongezwa 10%, yaani 3,000. Jumla ni 9,600. Ondoa 6,000 zilizozuiwa, unadaiwa 3,600, kabla ya kodi ya jimbo.

Lakini hujachelewa. Una siku 60 tangu siku uliyopokea fedha, wikendi na sikukuu zikihesabiwa, kuzirudisha katika akaunti ya IRA ya kawaida, yaani akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu. Tafadhali anza leo.

Wengi hukosea hapa: huweka zile 24,000 wakadhani wamerudisha zote. Kiasi kilichotoka ni 30,000, kwa hiyo 6,000 zilizoko serikalini inabidi uzijazie kutoka mfukoni. Utazipata baadaye kupitia ritani. Ukishindwa kuzijazia, weka hizo 24,000 hivyo hivyo. Ni 6,000 tu zitakazotozwa: 1,320 za kodi na 600 za nyongeza. Hiyo ni nafuu kubwa.

Unapoweka, iambie taasisi inayotunza IRA kwamba huo ni uhamisho kutoka mfuko wa kustaafu. Wakiuandika kama mchango wa mwaka, utavuka kikomo na kuzua adhabu nyingine.

Nyongeza ya 10% ina misamaha, kwa mfano ulemavu wa kudumu, au kuacha kazi katika mwaka unaotimiza miaka 55 au baadaye. Huo wa miaka 55 hauhusu fedha zilizokwisha kuhamishiwa IRA, kwa hiyo mwenye umri huo asikimbilie kuhamisha.

Tunza stakabadhi ya kuweka fedha. Fomu 1099-R itaonyesha umetoa 30,000 hata kama ulizirudisha zote, na Fomu 5498 inayothibitisha uhamisho kwa kawaida hufika Mei, ritani ikiwa imeshawasilishwa.