Nyekundu juu ya buluu: kwa nini kibao changu hakisomeki?

SWALI: Mtaalamu, nimechora kibao cha mgahawa hapa Ngamiani, Tanga, bati la futi 4 kwa 8. Uwanja ni buluu iliyokoza, maandishi mekundu: jina, vyakula sita na namba ya simu, vyote saizi moja. Nilidhani rangi hizo zimeachana sana, lakini mtu aliye mita 30 haambulii kitu, na akikazia sana macho yanamcheza. Nimepaka koti la pili la nyekundu, hali ni ileile. Nimekosea wapi?

JIBU: Koti la tatu nalo halitakusaidia. Nyekundu na buluu yako zimeachana kwa jina, lakini kwa giza ni karibu sawa. Kwa mbali, jicho hutambua herufi hasa kwa tofauti ya mwanga na giza kati yake na uwanja. Piga picha kibao kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Herufi zikizama ndani ya kijivu, umeona kosa. Kufinya macho ukiwa mbali nako hutoa jibu hilohilo bila simu.

Kucheza kwa macho kuna sababu yake. Lenzi ya jicho haipindi mwanga mwekundu na wa buluu kwa kiasi kimoja. Ukiona nyekundu vizuri, buluu inapotea kidogo, na pale zinapogusana ukingo unatetemeka.

Buluu iache ilivyo. Sugua herufi kwa msasa namba 240 hadi mng'ao uishe na kingo za yale makoti mawili zilale, futa vumbi, kisha paka nyeupe. Koti moja litatoka waridi kwa sababu nyekundu iliyo chini huchungulia, kwa hiyo paka mawili, na la kwanza likauke usiku kucha; wakati wa mvua lipe muda zaidi. Kama mwenye mgahawa ameing'ang'ania nyekundu yake, zungushia kila herufi mstari mweupe wa sentimita 2 ili rangi hizo mbili zisigusane. Mimi ningechagua nyeupe tupu.

Sasa ukubwa, maana herufi zako zitabadilika saizi; nyekundu itakayobaki nje ya herufi mpya ifunike kwa buluu. Kipimo cha kawaida ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kwa mita 30 ni sentimita 25, na unene wa mkono wa herufi, yaani mstari unaoiunda, kama sentimita 5. Bati lako lina urefu wa sentimita 244. Ukiacha 15 kila upande, herufi kubwa tisa au kumi zitakaa kwa nafasi. Jina likizidi hapo, livunje mistari miwili, usizibane.

Herufi za sentimita 25 zitakulazimisha kupunguza maneno, na ni heri. Vitu vinane vya saizi moja vinagombania jicho, na mpita njia haachiwi hata kimoja. Jina lipe 25, chakula kimoja kinachojulikana 12, simu 8. Hivyo vyakula vingine vitano viandike ukutani ndani. Tazama kanga: ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake), na kila kimoja kina mahali pake. Ila jina la kanga husomwa na mtu aliye karibu, kwa hiyo usiige udogo wake.

Nafasi kati ya herufi usipime kwa rula. I na L zikisogeleana kwa kipimo kilekile cha A na V, hizi za pili zitaonekana zimeachana, maana A na V zina uwazi wa pembeni. Zisogeze hadi uwazi uonekane sawa kwa jicho. O nayo ipite mstari kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana fupi kuliko jirani zake.

Kabla ya rangi, chora yote kwa chaki nyeupe juu ya buluu, rudi nyuma mita 30, mwite mtu asiyejua ulichoandika akusomee.